Shada la Pilipili Juu ya Jiko

Siku ile jengo zima lilipotoka nje likikohoa, mimi nilikuwa wa mwisho kutoka, na nilitoka na sinia langu mkononi. Watu wa ghorofa zote tatu walikuwa wamesimama uani, wamejiziba pua kwa mitandio, kwa mashati, kwa chochote. Fundi cherehani, ambaye mlango wake unatazamana na wangu, alikuwa ameinama ameshika magoti, machozi yanamtiririka, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni.

"Mpishi," akasema alipopata pumzi, "unataka kutuua?"

"Nilisinzia," nikamjibu.

Nilidanganya. Nilikuwa macho makavu, nimekaa kwenye kigoda hatua tatu kutoka kwenye oveni, nachambua pilipili zilizobaki. Dirisha lilikuwa wazi nyuma yangu na upepo ulikuwa unausukuma moshi wote kwenda koridoni. Mtu mwingine yeyote angesikia harufu ya kuungua kabla moshi haujaonekana. Mimi sikusikia kitu. Nilikuja kushtuka nilipofungua mlango wa oveni, moshi ukanikaba koo, nikakohoa mpaka mbavu zikauma.

Ukweli ni kwamba pua yangu ilikufa, na wakati ule hakuna aliyejua. Homa mbaya ilinilaza wiki mbili, nikapona mimi, pua haikupona. Ulikuwa mwaka wa pili sasa. Sabuni, kitunguu, mafuta ya taa, kwangu vyote vilikuwa sawa na maji. Chakula nilikuwa natafuna tu kwa sababu saa ya kula imefika. Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinanifikia, nacho ni pilipili, maana ule mwasho hauna haja na pua. Siku niliyoligundua hilo nililia mezani peke yangu, na ilikuwa kwa furaha.

Sikumwambia mtu kwa sababu ninao watoto. Wa kwanza ni muuguzi. Mtaa mzima unamwita Sista, na hata sisi nyumbani tumezoea hivyo hivyo. Habari za moshi zilimfikia kazini, akaja moja kwa moja na viatu vyake vyeupe. Hakuketi. Alisimama katikati ya jiko langu, akatazama masizi ukutani, akatazama pilipili zilizogeuka makaa, kisha akanitazama mimi.

"Mama, hii ni mara ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Na maziwa ya mwezi uliopita? Na ile sufuria uliyoificha nyuma ya ndoo ukidhani sitaiona?"

"Sufuria ilishazeeka."

"Mama, chumba chako kule kwangu kipo. Kitanda kimetandikwa. Kesho mkweo anakuja na gari."

Nakijua hicho chumba. Kina zulia, kina televisheni, kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Huko naletewa chai kwenye trei, naulizwa kama nimekunywa maji, na nikigusa mwiko msichana wa kazi ananinyang'anya kwa heshima zote. Nimepika shuleni miaka thelathini na moja. Nimelisha watoto mia tano kwa siku, kwa masufuria niliyoyainua kwa mikono hii. Sikuzaliwa kuletewa chai.

"Siendi," nikasema.

"Mama, sikiliza..."

"Nimesikia. Siendi. Gunia la mama yako mdogo limefika juzi. Nani atalikausha? Wewe?"

Mdogo wangu ni mkulima, na kila msimu huniletea gunia la pilipili. Mimi nazikausha, nazitwanga, na hakuna nyumba katika mtaa huu ambayo haina chupa yangu kabatini. Sista mwenyewe anazo mbili. Alilitazama gunia pale pembeni, akauma mdomo.

"Basi, gunia hili," akasema. "Ulikaushe lote. Usitoke moshi tena, isioze hata pilipili moja. Ukiweza, sitakugusa. Ukishindwa, unahama na hakuna maneno."

"Anza kutafuta maneno ya kuniomba msamaha," nikamwambia.

Alipoondoka nilibaki nalitazama gunia. Niliogopa, na sioni haya kusema. Zamani kazi hii nilifanyiwa na pua. Pilipili mbichi inanuka majani. Ikianza kukauka harufu inakuwa tamu, inakaribia ya zabibu kavu, na ikipitiliza inageuka kali na chungu. Nilikuwa naweza kukaa chumba cha pili nikajua sasa geuza, sasa toa. Leo nina miaka sitini na nane, ikabidi nianze kazi upya kama mwanafunzi, tena kwa siri.

Sikio likachukua zamu. Pilipili iliyokauka, ukiishika kikonyo ukaitikisa karibu na sikio, mbegu zinalia ndani. Isiyokauka inanyamaza. Ukitaka kuhakikisha, ikunje. Mbichi inakubali kukunjwa, kavu inavunjika na unausikia mvunjiko wake. Nilikaa na pilipili sikioni siku nzima, na mtu angeniona angedhani nasubiri simu.

Nilianza na jua. Juu ya paa la jengo letu pana nafasi pembeni ya tangi la maji. Nikatandika mabati mawili, juu yake shuka safi. Pilipili kichaa, zile ndogo nyembamba, nikazianika nzima nzima. Pilipili mbuzi zina nyama nyingi, hizo nikazipasua katikati, mikono nimeivalisha mifuko ya plastiki kwa sababu najua ilivyo kusahau ukajifuta jicho. Nikafunika chandarua kikuukuu kuwazuia ndege na nzi. Kila jioni nilizishusha kabla umande haujashuka, na kila asubuhi nikazipandisha, ngazi arobaini na nne kwenda, arobaini na nne kurudi. Siku ya tano zile ndogo zikaanza kulia sikioni. Siku ya sita mvua ikaja bila hodi, na wingu likakaa juu yetu wiki nzima.

Nikaenda kwa fundi cherehani kuomba uzi. Alikuwa bado amenuna.

"Uzi wa nini? Wa kutunyongea, maana moshi umeshindwa?"

"Wa kushonea suruali za jinzi. Ule usiokatika."

Alinipa, akachomoa na sindano nene. Akabaki ananitazama mkono. "Na kile kitambaa chekundu mbona mara nakiona mkononi, mara hakipo? Si ni kile kipande nilichokupa mwaka juzi?"

"Baridi yabisi," nikasema. "Ikiuma nakifunga."

Fundi alinihurumia, na kesho yake akaniletea mafuta ya kuchulia. Nikayapokea, nikamshukuru, nikayaweka kabatini.

Kuna namna ya kutunga pilipili kwenye uzi. Sindano inapita kwenye kikonyo, si kwenye nyama, maana ukiitoboa nyama inaozea hapo hapo kwenye tundu. Nikatunga mashada tisa. Nane nikayatundika dirishani jikoni yapate upepo. La tisa nikalitundika kwenye msumari juu kabisa ya jiko la gesi. Fundi alilichungulia kutoka mlangoni kwake akasema ni pambo zuri. Nikamwacha na pambo lake.

Mashada yalinifaa kwa zile nyembamba. Zenye nyama zilianza kulegea kwa ndani, nikajua nikichelewa nimehama. Hapo ndipo nilipomwita kitinda mimba wangu. Yeye ni fundi wa redio na televisheni, mtu wa maneno machache, na kitu kikiharibika kwangu yeye hufurahi. Alikuja na sanduku la mbao, akatoboa matundu chini na juu. Ndani akapanga nyavu za waya alizozing'oa kwenye friji bovu, chini kabisa akafunga balbu mbili za zamani, zile zinazotoa joto, na ubavuni akaweka kifeni cha kompyuta iliyokufa. Sanduku likawa linavuma taratibu siku nzima pembeni ya kabati. Baada ya siku mbili pilipili mbuzi zilizopasuliwa zikavunjika mkononi.

"Umelitengeneza vizuri, baba," nikamwambia. Tunamwita baba kwa sababu ana jina la baba yangu.

"Halina moshi," akasema.

Jumamosi moja Mkwe akaja na Sista, wameleta mashine ya kukaushia. Mkwe wangu ni mwalimu, mtu mwema, ila karatasi ikishaandikwa kitu yeye hana swali tena. Mashine ilikuwa na trei sita, mlango wa kioo, kitufe cha joto na kitufe cha saa. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, kwa adabu, akasoma kijitabu cha maelezo kuanzia jalada. Kisha wakajaza trei zote sita yeye na Sista, pilipili mbuzi nzima nzima zimelaliana, wakabonyeza, wakangoja. Jioni mashine ikapiga kengele. Mkwe akapiga makofi.

Nikachukua moja, nikaitikisa sikioni. Kimya.

"Bado," nikasema.

"Mama, mashine imemaliza," Mkwe akasema kwa upole. "Imeandikwa muda wa saa nane."

"Mwandishi wa hicho kitabu aliziona pilipili zangu?"

Sista akacheka. Akajaza chupa tatu, akakaza vifuniko, akasema hizo anaondoka nazo aone kama za kwangu zitazishinda. Niliwaachia. Kuna mambo mtu mzima akikatazwa haelewi, mpaka aone ukungu. Walipoondoka nikazichukua zilizobaki, nikazipasua, nikazitandaza moja moja kwenye trei, nikaiwasha tena mashine mpaka zilipolia. Mashine haikuwa na kosa. Haikuwa na masikio tu.

Gunia liliisha siku ya Alhamisi. Nililikung'uta uani mbele ya macho ya watu, nikalikunja, nikaliweka mezani. Juzi yake nilikuwa nimeshafuta masizi ukutani kwa maji na sabuni. Jumamosi nikavaa gauni langu la kutokea, nikapanga chupa ishirini na sita juu ya meza, nikawaita wote waje waone. Kitinda mimba alifika wa kwanza akaanza kula. Mkwe akakaa kwenye kiti chake cha pembeni. Sista akaingia na chupa mbili alizozizungushia karatasi za gazeti, huwezi kuona kilichomo.

Hakutazama meza yangu.

"Mama, kaa. Fumba macho. Nusa hii, halafu nusa hii, uniambie ipi ni yako."

Nilijua kwamba amejua. Nikakaa, nikafumba macho, nikasikia vifuniko vinafunguliwa. Nikainamia ya kwanza. Hakuna kitu. Nikainamia ya pili mpaka pua ikagusa pilipili. Hakuna kitu. Nilifikiria kubahatisha, maana katika chupa mbili hata kipofu anaweza kupatia. Lakini nilikuwa nimechoka kudanganya, tena nilikasirika kutegwa na mtoto niliyemfuta mwenyewe kamasi. Nikafumbua macho, nikaziba midomo ya chupa kwa viganja, nikazitikisa. Moja ikalia kavu. Nyingine ikagonga kwa uzito, haina sauti.

"Hii ni yangu," nikasema. "Na hii ni ya kwenu, na imeoza."

"Nimesema nusa. Sikusema utikise."

Akaichana karatasi. Ndani mlikuwa mweupe kwa ukungu. Nikageuka kumwona Mkwe amejiziba pua kwa leso, na kitinda mimba amesukuma sahani yake mbali.

"Chumba kizima kinanuka, Mama," Sista akasema, sauti inamkatika. "Kinanuka tangu nilipofungua. Na wewe umeingiza pua humo na uso wako haukubadilika hata kidogo. Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

"Miaka miwili! Mama, mimi ni muuguzi!"

"Ndiyo maana sikukwambia."

Akalia. Sista halii ovyo, kwa kazi yake angekuwa ameshakauka machozi. Kumwona vile kulinikata maini, na nakiri kwamba hapo kidogo nikubali. Kidogo niseme haya, lete gari. Lakini akajifuta uso akasema, "Huwezi tena kuishi peke yako."

Hilo neno huwezi ndilo lililonisimamisha.

"Siwezi? Miaka miwili nani alikuwa anaishi humu? Nani alipika? Nani alizima?" Nikamwinulia mkono, kitambaa chekundu hakipo. Nikamwonyesha jiko. Kilikuwa kimefungwa kwenye swichi ya gesi. "Unakiona? Gesi ikifungwa, kinakaa pale. Gesi ikifunguliwa, kinakaa hapa mkononi. Siogi nacho, silali nacho, sitoki mlangoni nacho. Kikiwa mkononi najua kuna moto nyumbani kwangu."

"Ile siku ya moshi kilikuwa wapi?"

"Mkononi. Kiliniambia kuna moto. Hakikuniambia kinachoungua." Nikatoa mfukoni saa ya mezani, ile ya kuzungusha ufunguo. "Tangu siku ile hii inatembea na mimi. Kila robo saa inanipigia kelele, naenda jikoni, natazama. Gunia limeisha. Umeona moshi?"

Mkwe akawa anakitazama kitambaa kama kijitabu kipya cha maelezo.

"Na ukiwaka moto umelala?" Sista akauliza. "Hapo kitambaa kitafanya nini? Saa itafanya nini?"

Nikanyoosha kidole kwenye shada juu ya jiko.

"Hilo," nikasema. "Pua imekufa, koo halijafa. Ile siku nilipofungua oveni, mimi ndiye niliyekohoa kuliko wote. Moto ukipanda pale, unaanza na hizo."

"Mama, pilipili si king'ora."

"Haya," nikasema.

Nikainuka. Nikakifungua kitambaa kwenye swichi, nikakifunga mkononi, mbele ya macho yao wote. Nikafungua gesi, nikawasha. Nikalitungua shada kwenye msumari, nikaliweka juu ya moto zima zima, pilipili sitini kavu zinazolia. Zilianza kutatarika. Koo likaniwasha papo hapo, nami sikungoja kuambiwa. Nikatoka.

Makubaliano yetu yalikuwa yameisha na gunia, kwa hiyo moshi huu haukuwa na hesabu.

Nilikuwa nimeshasimama uani, mikono nimefumbata, walipoanza kutoka. Kitinda mimba alitangulia, anakohoa na kucheka pamoja. Akafuata Mkwe, leso usoni, kiatu kimoja mkononi, sijui kwa nini. Ghorofa ya tatu wakateremka, ya kwanza wakatoka, na fundi cherehani akaja na suruali ya mtu ina sindano bado.

"Mpishi!" akalia. "Tena?"

Sista hakuonekana. Nikaanza kuhesabu pumzi, nikaona namalizia kumi, nikawa napanda kibaraza kumfuata. Ndipo akatoka, anapepesuka, macho mekundu, mate yanamtoka, akawa anazunguka uani anasukuma watu mpaka aliponiona.

"Upo hapa?" akasema. "Nilikuwa nakutafuta chumbani! Nimekutafuta chini ya kitanda!"

"Mimi nilitoka wa kwanza."

Akanishika mabega kwa mikono miwili. Kifua kinampanda na kushuka.

"Gesi," akakumbuka. "Mama, hatujafunga gesi!"

"Najua," nikasema, nikamwinulia mkono wenye kitambaa.

Nikalowesha mtandio wangu bombani, nikajifunga pua na mdomo, nikaanza kupanda ngazi. Nilikuwa ngazi ya nne au ya tano aliponiita.

"Mama! Shada lingine ulitundike mlangoni kwa chumba cha kulala. Ulale karibu nalo. Umesikia?"

"Nilishatundika," nikamjibu bila kugeuka, nikaenda kufunga jiko langu.